Shada la Aliyenibakiza

Sogeeni karibu, wenye nafasi na wenye haraka. Hadithi hii haina jini wala mfalme, na sungura hakualikwa. Ina shule. Mwenye hukumu mfukoni aiache humo humo kwanza, mpaka watu watatu wawe wamepita mbele yake.

Kulikuwa na shule ya kulipia huko Rungwe, katikati ya mashamba ya chai, ikiitwa Kilele. Ilijengwa bondeni. Mwenye shule alipoulizwa mbona, alijibu kwamba kilele kinachotajwa ni cha elimu, na kwamba kiwanja cha mlimani kilikuwa na mwenyewe.

Wa kwanza katika hadithi yetu ndiye huyo mwenye shule, Mwalimu Ambilikile. Alistaafu kutoka ofisi ya elimu na kipawa kimoja, nacho ni kusema hapana kwa lugha ya serikali. Alikuwa akikukatalia jambo nawe ukaondoka ukimshukuru, ukafika nyumbani, ukavua viatu, ndipo ukagundua kuwa umekataliwa.

Wa pili ni Tumpe, msusi, aliyejulikana zaidi kama Mama Lugano. Kipawa chake kilikuwa ulimi. Aliweza kukusuka kichwa na kukunyoa kwa maneno, na bei ikabaki ileile.

Wa tatu ni Sekela, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, na huyu tutamfuata hatua kwa hatua kwa sababu mzigo utamwangukia yeye. Kipawa chake kilikuwa sikio. Binti yake, Bupe, alikuwa na kifafa, na kabla kifafa hakijamwangusha, mtoto huanza kumeza mate: mara moja, tena, tena, taratibu kiasi kwamba hata aliyekaa naye hasikii. Sekela alisikia. Alisikia akiwa jikoni, mlango umefungwa, mvua ya Rungwe ikipiga bati kama inalidai. Aliacha chochote alichoshika, akamwahi mtoto kabla hajagonga chini.

Bupe aliingia Kilele darasa la tano. Sekela alimweleza Mwalimu Ambilikile habari ya ugonjwa, naye akasema, "Taarifa imepokelewa." Na ilikuwa imepokelewa kweli. Tatizo la taarifa zikishapokelewa ni kwamba hupumzika.

Basi Jumatatu moja asubuhi wanafunzi wakiwa mstarini, bendera ikipanda na wimbo wa taifa ukianza, Bupe alianguka.

Sasa lazima mjue Kilele ilikuwa shule ya namna gani. Nidhamu yake wakati wa wimbo wa taifa ilikuwa ikisifiwa wilaya nzima. Mwalimu Ambilikile aliwafundisha watoto kwamba wimbo ukianza, hata nyuki akitua puani, pua ni ya taifa. Kwa hiyo hakuna aliyetikisika. Bupe alitapatapa kwenye changarawe, na shule nzima ikaimba ikitazama mbele, walimu kwa wanafunzi, ubeti wa kwanza na kiitikio chake, na wa pili na kiitikio chake. Mwalimu Ambilikile alisimama mkakamavu, mikono ubavuni, akamsikia mtoto akigonga kichwa chini, akaimba mpaka neno la mwisho. Wimbo ulipokwisha ndipo alipokimbia, na alikimbia peke yake, maana wengine wote walikimbilia upande wa pili. Waliogopa povu. Wapo wanaoamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, ugonjwa umehama umekuja kwako. Waliosoma nao huamini, ila wao huita tahadhari.

Sekela alipoitwa kutoka kiwandani, alimkuta Mwalimu amepiga magoti kwenye changarawe, suti yake ya Jumatatu imelowa, kichwa cha Bupe mapajani.

"Mama Bupe," alisema, "nilikuwa naimba."

Na tangu siku hiyo hakuimba tena; alisimama tu mstarini, mdomo umefungwa, kama mgeni katika nchi yake.

Wiki hiyohiyo familia zikaanza kuondoka. Hakuna hata moja iliyotaja kifafa. Mmoja alisema basi la shule linachelewa. Mwingine alisema Kiingereza cha Kilele hakijakaa sawa, akiyasema hayo kwa Kiingereza ambacho nacho kilikuwa kimesimama. Wengi waliandika kwamba wanahama makazi, na Sekela aliendelea kuwaona wakianika nguo kwenye nyumba zilezile, ng'ambo ya uzio wa shule. Waliobaki wakaitisha kikao.

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alikuwa Bwana Mwasomola, mtu wa kauli laini.

"Hatumfukuzi mtoto," alisema. "Jamani, sisi sote ni wazazi. Tunaomba tu atafutiwe mazingira rafiki zaidi."

"Mazingira rafiki ni yapi?" akauliza Mwalimu Ambilikile.

"Kwa mfano, nyumbani."

Sekela alikuwa ameketi nyuma, mkoba mapajani, akitazama visogo vya watu waliowahi kula ubwabwa kwake. Ndipo Mwalimu akavaa miwani.

"Ombi limepokelewa. Hata hivyo, kwa taratibu zilizopo, uhamisho wa mwanafunzi huombwa na mzazi wa mwanafunzi husika. Mama Bupe, unaomba?"

"Siombi."

"Mzazi haombi. Tuingie ajenda inayofuata, ukarabati wa vyoo."

"Mwalimu, hatujamaliza!"

"Kwenye muhtasari tumemaliza, Mwenyekiti."

Kelele zikapanda. Mama mmoja, Mama Atu, akasimama na kusema kwamba kama mtoto yule anabaki, basi abaki, lakini wa kwake hatakaa naye dawati moja. Mwingine akasema wala wa kwake. Wakapokezana hivyo, na kila mmoja aliposema, Sekela aliona dawati la mwanawe likizidi kuwa pana.

Tumpe alikuwa amekaa dirishani, anatafuna kashata.

"Mama Atu," aliita. "Mwaka jana mumeo alilala mlangoni kwangu, anatoka povu. Nani alimfuta?"

Ukumbi ukaguna.

"Nilimfuta mimi, kwa mkono huu huu. Mbona mpaka leo sijalewa?"

Walicheka hata wasiotaka. Tumpe hakucheka. Alimgeukia mwanawe aliyekuwa mlangoni na wenzake. "Lugano, kesho uhamie dawati la Bupe. Na msinitazame hivyo, sigombei udiwani. Dawati ni dawati."

Baada ya kikao Sekela alimfuata nje. "Ndaga fijo, Mama Lugano," alimshukuru kwa Kinyakyusa, akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nenda huko, usinililie mimi. Kwanza hizo nywele zako zinatia aibu hadi kikao. Njoo nikusuke."

Siku chache baadaye Sekela aliacha kazi kiwandani ili akae karibu na mwanawe. Mwalimu Ambilikile akamwambia kwa masikitiko kwamba mzazi haruhusiwi kukaa shuleni saa za masomo. Kisha akafikiri kwa sauti: "Ila mgeni anaruhusiwa, ilimradi asaini." Kwa hiyo Sekela akawa mgeni wa Kilele kila siku ya masomo, kuanzia darasa la tano la Bupe mpaka la saba. Aliketi barazani chini ya dirisha la darasa na sweta lake la kufuma, na kwenye daftari la wageni, mahali pa madhumuni, Mwalimu alimwelekeza aandike "Kusikiliza".

Ndivyo Bupe alivyobaki. Mwalimu alizuia mlango, Tumpe akajaza dawati, Sekela akakaa dirishani. Mmoja wao angekosekana, mtoto asingefika mbali: bila mlango angefukuzwa, bila mwenzake wa dawati angekimbia mwenyewe kwa aibu, na bila sikio angepasua kichwa sakafuni. Sekela alilijua hilo vizuri kuliko yeyote.

Sasa sikilizeni kilichowagharimu.

Mwalimu Ambilikile alipoteza shule. Haikuanguka siku moja. Familia zilichomoka kama nyuzi za kitambaa kilichochanika pindo. Leo ndugu wawili, kesho watoto wa mchungaji. Basi likaegeshwa nyuma ya jiko na kuku wakalizoea. Alikuwa ameijenga Kilele kwa kiinua mgongo chake, tofali la kwanza akiliweka marehemu mkewe, na watu walimshauri kwa upole: mtoe yule mmoja, wengine watarudi. Alijibu kwamba ushauri umepokelewa. Mwishoni ofisi ya wilaya ikamwandikia kuwa kituo chenye watoto wachache namna ile si shule, ni familia. Akawajibu kwa maandishi kwamba barua imefika, na kwamba anakubaliana na sehemu ya pili. Kilele ikapangiwa kufungwa, jengo ligeuzwe ghala la viazi. Bupe alipomuuliza kwa nini shule inafungwa, alimwambia, "Nimezeeka, mwanangu. Miguu."

Tumpe alipoteza mtoto. Baba yake Lugano, waliyekuwa wametengana, alikuwa mfanyabiashara wa Tunduma, na habari ya dawati ilimfikia huko. Akapiga simu: "Mhamishe mtoto kutoka lile dawati, au nitamhamisha mimi kutoka kwako." Tumpe aliona ni maneno ya simu. Ulimi wake, ambao haukuwahi kushindwa na mtu, ukamjibu kwamba dawati halihami. Mwanamume akaja na wajomba zake na gari, akamchukua Lugano mchana kweupe, begi la shule likiwa bado mgongoni, na Tumpe akasimama njiani akiwa ameshika chanuo, kwa mara ya kwanza hana la kusema. Siku iliyofuata alikuja mwenyewe Kilele, akaomba aruhusiwe kukaa kwenye lile dawati mpaka Bupe azoee. Mwalimu akatafuta, akakuta kwamba mgeni anaruhusiwa. Lugano sasa humpigia simu sikukuu kwa sikukuu. "Shikamoo mama. Hamjambo huko?" Anaongea taratibu, kwa adabu, kama mtoto anayezungumza na shangazi asiyemfahamu sana. Tumpe alimwambia Bupe, "Baba yake alimkumbuka, wanaume ndivyo walivyo." Na akampigia Sekela magoti asimwambie vinginevyo.

Sekela naye.

Mtihani wa taifa wa darasa la saba uliwakuta. Msimamizi aliyeletwa alikuwa kijana mwenye mwongozo kwapani, na mwongozo ulisema hakuna mgeni. Mwalimu Ambilikile akampa Sekela ndoo na kikombe, akamtambulisha kama mhudumu wa maji ya kunywa, mwenye kitambulisho chenye mhuri. Msimamizi akaukagua mhuri, akaridhika. Watu wa namna hiyo ukiwapa mhuri umewapa chai. Ila simu, alisema, zote zibaki getini.

Siku ya kwanza, katikati ya hesabu, Sekela alisikia mate yakimezwa. Aliingia darasani na ndoo yake, akamdaka Bupe, akamlaza ubavu, akamfungua kola. Msimamizi alipekua mwongozo akitafuta kifungu. Bupe alizinduka, akauliza ameandika swali la ngapi, akaendelea.

Saa hiyohiyo, getini, simu ya Sekela ilikuwa inaita. Ilikuwa kaka yake kutoka Busokelo. Mama yao, aliyekuwa mgonjwa tangu masika, alikuwa ameamka na kuuliza, "Sekela amefika?" Walipiga tena, na tena. Alipopewa simu yake jioni, mama alikuwa ameshakata roho, na swali lake la mwisho likawa ni hilo, na jibu lake lilikuwa hapana.

"Tunazika kesho mchana," kaka yake alisema. "Hatuwezi kusogeza. Utafika?"

Kesho ilikuwa siku ya pili ya mtihani. Kwa watu wa kwao, mtoto asiyetupa udongo kwenye kaburi la mama yake hana tena pa kukaa kwenye msiba wa mtu yeyote. Sekela alitazama barazani, mahali pake. Bupe alikuwa anacheka na Tumpe, hakumbuki kama ameanguka.

"Zikeni," alisema.

Ndugu zake hawajamsemesha tangu siku hiyo. Bupe aliambiwa kuwa bibi amefariki, ila hakuambiwa lini.

Ikafika siku ya mahafali, ya mwisho ya Kilele. Na Kilele ilikuwa na desturi yake, aliyoianzisha Mwalimu mwenyewe akiwa amechoka kuona familia zikija na kuondoka. Kila mhitimu alisuka shada kwa nyuzi za mgomba na maua ya porini, na siku ya mahafali akamvisha mtu mmoja, aliyemfanya abaki. Aliyevishwa aliketi kwenye kiti mbele ya watu wote, na jina lake likapakwa rangi kwenye ukuta wa baraza, hadharani, chini ya maneno "Walitubakiza". Mtu mmoja tu. Zamani haikuwa hivyo, lakini mwaka mmoja ukoo mzima ulipanda jukwaani, mgeni rasmi akakosa pa kukaa, na tangu hapo ratiba ikawa inasema: mhitimu mmoja, kiti kimoja, shada moja.

Wahitimu walienea kwenye benchi moja. Mgeni rasmi, afisa aliyetumwa na wilaya, alisoma hotuba iliyosifu ongezeko la wanafunzi. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya shule nyingine. Wenzake Bupe waliitwa, wakavisha mama zao, baba zao, mmoja akamvisha babu yake. Kisha akaitwa Bupe.

Kiti cha mtu wake kilikuwa tupu.

"Kaa basi," Tumpe alimnong'oneza Sekela, akimsukuma kiuno. "Mama ni wewe."

"Kaa wewe, Mama Lugano."

"Mimi nikae kama nani? Nilikaa dawati tu."

Mwalimu Ambilikile alikohoa kwenye kipaza sauti, akajifanya anasoma ratiba. Alikuwa ameishika juu chini.

Bupe alisimama kati ya kiti na watu, shada mikononi. Alitazama huku na kule. Kisha, badala ya kwenda mbele, alikuja mpaka aliposimama mama yake, akamvuta mkono, akamsemea sikioni.

"Mama, nimvishe nani?"

"Unayemtaka, mwanangu."

"Sijui. Mambo yote yakitokea mimi nakuwa nimelala. Nikifumbua macho nawaona nyie watatu mmeniinamia, nauliza kumetokea nini, mnasema hakuna kitu." Alimeza pumzi, na mkono wa Sekela ukamwahi begani, lakini ilikuwa pumzi tu. "Wewe ulikuwa macho. Nani alinibakiza?"

Sekela alimtazama Mwalimu. Huyu aliacha mtoto agonge kichwa beti mbili nzima, kisha akakubali kuipoteza shule yake kidogo kidogo ili asimwache tena. Je, mtu huvishwa shada kwa kulipa deni la kosa lake, hata akilipa kwa kila alichonacho?

Akamtazama Tumpe, vidole vyake vikisuka hewa. Huyu hakuwa na wajibu wowote. Hakuna aliyemwomba. Lakini alichotoa hakikuwa chake peke yake. Lugano naye alikuwa na mama, na hakuulizwa.

Akajitazama na yeye. Mama kukaa na mwanawe, nani atashangaa? Ndiyo kazi ya mama. Ila na yeye alikuwa na mama, naye aliuliza swali moja tu.

Na hakuna jina ambalo angeweza kulitaja likabaki jina. Mtoto angeuliza kwa nini. Akisema Mwalimu, lazima amwambie shule imekufa kwa ajili yako. Akisema Tumpe, amwambie Lugano amekwenda kwa ajili yako. Akisema mimi, amwambie siku aliyozikwa bibi yako. Watatu hao walikuwa wamelificha hilo kwa bidii kuliko walivyofanya jambo jingine lolote. Na akisema uongo, jina la uongo litapakwa rangi ukutani.

Tusifiche na hili: alilitaka lile shada. Alilitaka mpaka mikono ikamuuma. Alitaka angalau ukuta mmoja duniani, hata ukuta wa ghala la viazi, useme kwamba siku ile ya kuzikwa mama yake hakuwa mahali pabaya.

Msije mkasema alikate vipande vitatu. Shada la nyuzi za mgomba ukilikata linafumuka lote. Wala msiseme kila mmoja asukiwe la kwake, maana Kilele inafungwa jioni hii na rangi iliyobaki kwenye kopo ni ya jina moja. Wala asivishwe mgeni rasmi; huyo ameshaanza kutazama saa.

Watu wanangoja. Bupe ameinua uso, shada limeanza kudondosha maua, na Sekela amefungua mdomo.

Haya, wewe uliyesikiliza yote: ungekuwa ndiye mama, ungemtajia mtoto jina la nani?